Feti ya kolasio: namna wanafunzi wanasherehekea bila kubaki na deni

Toga bado haijarudishwa kwa mwenye kuikodisha, na ulizo liko tayari mlangoni: "Feti ni lini?" Mama jirani anauliza. Mujomba aliyeko Walungu anauliza kwa simu. Hata watoto wa avenue wanauliza. Katika miji ya mashariki, iwe Bukavu, Goma, Bunia, Kindu ao Kalemie, mwanafunzi wa chuo kikuu haonekani kuwa amemaliza kweli mpaka watu wamekula kwake. Kolasio, ile siku ya kuvaa toga na kupewa cheo cha masomo mbele ya wazazi, inachukua saa chache. Feti inayofuata ndiyo inakumbukwa, na mara nyingi ndiyo inaacha deni.

Deni hilo lina ubaya wake wa pekee, kwa sababu linakuja wakati mfuko umekwisha kutobolewa. Mwanafunzi ametoka kulipa kuchapisha kazi yake ya mwisho wa masomo, nakala moja kwa kila mwalimu atakayeisoma. Amelipa kuzifunga vizuri. Amelipa toga, viatu, mpiga picha. Na bado kuna feza ya kutoa diplome yenyewe, maana kwa kawaida chuo hakimpe karatasi mtu ambaye hajamaliza kulipa kila kitu. Ile feza ya diplome ikipikwa pamoja na kuku, mwenye feti anabaki na picha nzuri za toga ndani ya simu, lakini hana karatasi ya kuweka pamoja na barua ya kuomba kazi. Miezi inapita. Walewale waliokula wanarudi na ulizo lingine: "Kazi ulipata?"

Kuwaambia wanafunzi waache feti ni kupoteza maneno. Masomo ya mtoto huku kwetu hayalipwi na mtu mmoja. Baba aliuza mbuzi, kisha ng'ombe. Mama alitoa zamu yake ya likirimba. Shangazi alimlaza mtoto kwake miaka tatu, akamlisha bila kuhesabu. Dada mkubwa aliacha shule ili mdogo aendelee. Feti ni mahali pa kuonyesha hao wote kwamba jasho lao lilifika, na mwanafunzi anayekataa kabisa anaonekana kama mtu aliyekula na kufunga mlango. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kufanya sherehe inayoheshimu wale watu bila kumzamisha yule anayesherehekewa.

Katika mpango wa zamani, graduat ilichukua miaka 3 na licence miaka 2 nyuma yake, na familia nyingi zilipika mara mbili. Mfumo wa LMD, uliowekwa katika sheria ya elimu ya Februari 2014 na kupanuliwa katika vyuo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeleta licence ya miaka 3 na master ya miaka 2. Majina yamegeuka, lakini ngazi za kusherehekea zimebaki mbili. Familia zenye busara zinachagua moja. Kama mtoto ataendelea, licence inapokelewa kwa sala na soda nyumbani, na feti inangojea master. Kama haonekani kuendelea, basi licence ndiyo inapewa uzito. Jambo la lazima ni kulisema mapema, mbele ya watu, ili mtu asikae na njaa ya feti ambayo haiko.

(Watoto wa exetat wako na akili zaidi kwa jambo hili. Matokeo yakitoka, pakiti moja ya unga ao poudre inatosha: wanajipaka weupe tangu kichwa mpaka viatu, na barabara nzima inajua. Ni kwenye chuo kikuu ndipo furaha inaanza kudai viti vya kukodisha.)

Watu wanaopanga feti wanaanza karibu siku zote na ulizo la chakula: tutapika nini? Hapo ndipo hesabu inapotea. Kitu kinachoamua bei ya feti ni idadi ya watu, na nyuma yake saa. Chakula kinakuja cha tatu.

Tuchukue mfano wa watu 30. Mchele mkavu, kikombe kimoja kidogo kwa mtu, inatosha kilo 4. Maharage kilo 3. Kuku akikatwa vipande kumi, kuku tatu zinafika. Kwa kinywaji, tuseme nusu ya watu wanakunywa bia na nusu wanakunywa soda, kila mtu chupa mbili. Hiyo ni chupa 30 za bia, maana yake kazie mbili na nusu za chupa 12, na chupa 30 za soda, kazie moja ya chupa 24 na sita juu yake. Viti 30 vinaweza kupatikana kwa majirani bila kulipa, tano hapa, sita pale. Sebule na lupango vinawatosha. Simu iliyounganishwa kwa baffle moja inatosha kwa muziki.

Sasa tufanye watu 80. Mchele unakuwa kilo 10, maharage kilo 8, kuku nane. Hapo bado mtu anaweza kusema: "Ni kuongeza tu." Lakini kinywaji kinafika chupa 160. Majirani hawana viti 80, basi vinakodishwa. Lupango haitoshi, basi inatafutwa sale. Hata kama lupango ni kubwa, mvua ya Kivu haimngojee mtu, basi inakodishwa bashi. Simu haisikike tena, basi inakuja sono, na sono inataka jenereta kama umeme utakatika, na jenereta inataka mafuta. Watu wakiongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, matumizi yanaweza kuongezeka mara nne, kwa sababu ya vitu ambavyo kwa watu 30 havikuwa hata kwenye orodha. Ndiyo maana anayeandika orodha ya majina kabla ya orodha ya soko anakuwa amefanya nusu ya kazi.

Na wale wanaokuja bila kuitwa? Wapo siku zote, na kumrudisha mtu mlangoni ni aibu kwa mwenye nyumba zaidi kuliko kwa mgeni. Dawa yake ni kuwaweka ndani ya hesabu tangu mwanzo: anayealika watu 25 apikie watu 30.

Upande wa saa, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Feti inayoanza saa nane za mchana na kumalizika saa kumi na moja inataka chupa mbili kwa mtu. Ileile ikianza saa kumi na mbili jioni inataka tatu, nne, na hakuna anayejua itaisha lini. Mchana hakuna mafuta ya jenereta. Wageni wanarudi kwa miguu, wakati usiku kila mmoja anatafuta moto kwa bei ya usiku. Katika mitaa yetu ya leo, hali ya usalama peke yake inatosha kuwa sababu. Mama aliyetoka Bagira ao Kadutu na watoto wawili hapendi kuulizwa saa nne ya usiku anatoka wapi. Kumweleza chef d'avenue ao nyumba kumi siku mbili mbele ni adabu, na inazuia maneno ya makelele. Tena, kama kuna kilio kwenye avenue, muziki unazimwa bila majadiliano. Watu wanakula, wanazungumza, basi.

Njia ambayo wanafunzi wenyewe wamezoea sasa ni feti ya pamoja: watatu ao wanne waliosoma pamoja, ao waliopanga nyumba moja, wanaunganisha siku moja na lupango moja. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Bashi ni moja, sono ni moja, mpiga picha ni mmoja, mama wanaopika ni walewale. Lakini ndipo urafiki wa miaka mitano unavunjika pia, na sababu ni karibu siku zote ileile: wote wanachanga sawa, kisha mmoja analeta wageni 12 na mwingine 40. Wenye kufanikiwa wanaweka mambo mawili kwenye daftari kabla ya franka ya kwanza kutoka. Kwanza, kila mmoja ana nafasi ngapi za wageni, na anayezidisha analipa kila kichwa cha ziada. Pili, nani anashika feza na nani anashika daftari, na wasiwe mtu mmoja.

Feza yenyewe inatoka wapi? Mwenye miezi mbele yake ana njia nzuri. Likirimba ya watu kumi, kila mmoja akitoa kiasi kilekile kila mwezi, inampa kila mtu zamu yake. Mwanafunzi anayejua atamaliza Agosti anaomba zamu ya Julai ao Agosti tangu mwanzo, sio wiki ya mwisho. AVEC zinafanya kwa namna ingine: wanachama wananunua hisa kila wiki, feza inalala ndani ya sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo mbalimbali, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi miezi 9 mpaka 12, kila mtu anagawiwa kufuatana na hisa zake pamoja na faida. Mama wengi wa Kivu wako ndani ya AVEC ao MUSO. Mzazi anayejua mwaka wa kolasio anaweza kuongeza hisa moja kila wiki kwa jina la ile siku, na haitaonekana nzito.

Asiye na miezi mbele yake ndiye anajaribiwa na Lambert. Kila mtu anaijua ile "benki" isiyo na mlango: unachukua dola 100 leo, mwisho wa mwezi unarudisha 130, mara nyingine 150, na simu ao televizyo yako inabaki kwa mkopeshaji kama dhamana. Mfanyakazi mwenye mshahara anaweza kuhesabu siku ya kulipa. Mwanafunzi aliyemaliza jana hana mshahara. Hata tarehe ya mshahara wa kwanza haijui. Mwezi wa pili unaongeza juu ya mwezi wa kwanza, na kuku iliyoliwa saa moja inaendelea kudai muda mrefu nyuma ya mifupa kutupwa. Kama feti haiwezekani bila Lambert, basi feti hiyo inangojea. Hakuna sheria inayosema watu wakule wiki ileile ya toga. Wengine wanafanya sherehe miezi mitatu nyuma, siku ya sikukuu ambapo familia ingekusanyika vyovyote, na hakuna aliyekufa.

Kwa wale wanaopokea msaada kutoka kwa ndugu walio mbali, kuna hesabu nyingine. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, na feza nyingi imekuwa ikipita ndani ya simu. Ndugu anayetuma dola 50 anafikiri ametuma dola 50, kumbe kamisio ya kutoa inakula sehemu yake. Mwenye kupanga anaandika kile kitakachofika mkononi, sio kile kilichotumwa. Na noti za dola ziangaliwe moja moja wakati wa kupokea: noti yenye kupasuka hata kidogo kwenye kona itakataliwa sokoni, na muuza mchele hatasikia historia yake. Bajeti iandikwe kwa monnaie moja tu, dola ao franka, kwa sababu bei ya kubadilisha inaweza kusogea kati ya wiki ya kuchanga na wiki ya kununua.

Chakula sasa. Kwenye karamu nyingi za Bukavu na Goma, mwenye nyumba anaogopa kuonekana maskini, basi anatafuta nyama ya ng'ombe na kuku kwa wote. Lakini sahani inayomalizika kwanza mezani ni mara nyingi sambaza. Samaki hawa wadogo wa Ziwa Kivu, wenye kukaangwa vizuri na kuwekewa ndimu na pilipili, wanafanya watu wakae karibu na meza hata kama kuku inakuja kipande kimoja kimoja. (Sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hawakurudi kwao.) Wananunuliwa asubuhi mapema penye mitumbwi inafika, kama Kituku kule Goma, na wanakaangwa siku hiyohiyo. Bei yao inapanda na kushuka na mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wanawavuta usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana taa haina nguvu. Anayeweza kuchagua tarehe, aangalie mbingu pia.

Sombe, maharage na makemba vinajaza sahani kwa feza kidogo, lakini vinakula makala. Wapishi wengi wanasahau makala ndani ya bajeti, kisha saa sita za mchana mtoto anatumwa kununua kwa vifungu vidogo, kwa bei ya juu. Maharage yakilowekwa maji usiku kucha yanaiva haraka zaidi. Sombe inaweza kupondwa na kuchemshwa siku ya mbele, kisha kumalizwa asubuhi kwa mafuta ya ngazi. Wali haupikwe jana: wali uliokaa saa nyingi bila baridi ya frigo unaweza kuharibu tumbo hata ukipashwa moto.

Kuna jambo lingine ambalo halina bei kubwa na linasahauliwa. Kolera inarudi mara kwa mara katika Kivu zote mbili na Tanganyika, na beseni moja ambamo watu makumi tatu wanaingiza mikono, mmoja nyuma ya mwingine, ni njia yake nzuri. Mtoto mmoja mwenye jagi la maji safi akimwagia kila mgeni, mwingine na sabuni, inatosha. Maji ya kunywa yawe ya kuchemshwa ao yenye kutiwa dawa, yawekwe kwenye bidoni yenye kifuniko.

Yote haya yanategemea mtu mmoja kusema "hapana" kwa wakubwa, na hapo mwanafunzi peke yake haweze. Sio adabu mtoto kumwambia baba mukubwa ni watu wangapi wa kuja nao. Kwenye familia nyingi anatafutwa msemaji: mama mudogo, shangazi ao kaka mkubwa, mtu anayesikilizwa. Anakwenda mapema, wiki tatu ao nne mbele, na haende mikono mitupu; hata sukari kilo moja inafungua mazungumzo.

"Baba mukubwa, mtoto amemaliza, na tunakushukuru, juu wewe ndio ulilipa mwaka wa kwanza. Nguvu yetu ni ya watu makumi tatu. Tumekuwekea nafasi nne, wewe na mama mukubwa mukae mbele."

Mzee anaweza kununa kidogo. Lakini amehesabiwa, amewekwa mbele, na amekumbushwa mchango wake mbele ya watu. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anauliza: "Basi nilete nini?" Ulizo hilo lisijibiwe kwa "hapana, kuja tu." Lijibiwe kwa kitu chenye jina: kazie moja ya soda, kuku mbili, gunia la makala, ndizi kutoka shamba. Bahasha za wageni ni jambo zuri, ila zinafunguliwa usiku, wakati kila kitu kimekwisha kulipwa. Aliyepanga feti akitegemea bahasha amepanga kwa feza ambayo haijazaliwa. Kitu kilicholetwa asubuhi kinapunguza matumizi kweli. Bahasha zikija, kuna mahali pake tayari: ni zile feza za kutoa diplome.

Kesho yake asubuhi kazi haijaisha. Wakati wa kuchukua vinywaji, depo ilidai garanti ya vidanje, na chupa kila moja ni feza inayopaswa kurudi. Watoto wa jirani wanapenda kuondoka nazo, wageni wengine wanaziacha nyuma ya ukuta, na chupa kumi zilizopotea zinaweza kula faida yote ya kununua kwa bei ya jumla. Mtu mmoja asiyekunywa anapewa kazi hiyo tangu mwanzo: kuhesabu kazie zikiingia, kukusanya chupa kila nusu saa, kuhesabu zikitoka. Viti vya majirani vinarudishwa kabla ya saa nne, vikiwa vimepanguzwa, na kila nyumba iliyotoa viti inapelekewa sahani iliyofunikwa. Kwenye avenue hiyo kuna mwanafunzi mwingine ambaye atamaliza mwaka ujao, na viti ni vilevile.